Asilimia ya Egzeta na Shaba ya Shituru

Kila mwaka, siku majibu ya Egzeta yanatoka, barabara za Kikula zinageuka nyeupe. Telefone inalia, mesaji inaingia, mama anapiga kelele, na dakika ile ile poda inamwagika juu ya kichwa cha mtoto, juu ya mabega, mpaka ku viatu. Anapita mu kartye mweupe sawa vile mfuko wa unga, na kila anayekutana naye ana swali moja tu: "Mwana, uko na ngapi?" Hamsini na tano. Sitini na mbili. Namba ile itamfuata ku iniversite, ku kazi, na hata siku ya kuposa.

Mimi pia nilipakwa poda. Nilisoma seksio ya sayansi, ku masomo ya Leta, hapa hapa Likasi. Namba yangu ninaikumbuka vizuri. Lakini siku moja mdogo wangu, aliyekuwa anaingia mwaka wa tatu wa seksio ile ile, aliniuliza: "Yaya, ile miaka yote ya shimi, mulikuwa munapima nini mu labo?" Nikatafuta jibu, nikakosa. Kabati la labo lilikuwa na kufuli. Kwa vioo tuliona chupa mbili tatu zenye vumbi. Halikufunguliwa mbele yetu hata siku moja.

Njo maana ninaandika leo. Sitaki kumtukana mtu. Walimu wetu walifanya kazi na kre na sauti, na wengine walitoka nyumbani bila kula. Ninataka tujiulize sisi wenye diplome: namba hii ya Egzeta ilitoka wapi? Inapima nini katika sayansi? Na imekuwaje mji uliojengwa na shimi utoe watoto wanaojua shimi paka ku karatasi?

Shimi ilikuwa hapa mbele ya masomo

Tuanzie mbali kidogo. Mbele ya Mzungu kufika, watu wa nchi hii, Basanga na majirani wao, walikuwa mafundi wa mukuba. Walichimba jiwe la kijani, ile malakiti tunayookota bado leo kando ya njia. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga jiwe na makaa, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilifanya biashara mbali sana, na wakati wa Mwami Msiri wa Bunkeya shaba ya Katanga ilikuwa inaenda mpaka ku bahari mbili.

Sasa fungua kaye yako ya shimi. Jiwe la malakiti likipata moto, linatoa maji na gesi ya kaboni, linabaki oksidi nyeusi ya shaba. Makaa yanachukua oksijeni ya oksidi ile, shaba inabaki peke yake. Kitabu kinaita kazi hiyo riduksio. Babu zetu hawakuwa na jina hilo, lakini walikuwa na kitu chenyewe: walijua makaa ya mti gani ni makali, walijua rangi ya moto, walijua saa ya kuacha. Na kijana hakuhesabiwa fundi kwa kusema. Alihesabiwa fundi siku shaba yake ilitoka.

Mji wa shimi, lakini ya nani?

Mwaka 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Mu Likasi na Panda ikajenga viwanda, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba kwa umeme. Mji wenyewe ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni, na jina hilo lilidumu mpaka 1966. Karibu na hapa kulikuwa Shinkolobwe. Jiwe lake lilipelekwa mpaka Olen, Ubelgiji, kutolewa radiumu, na baadaye uraniumu yake ikaenda Marekani, ikatumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945.

Fikiri kidogo. Katika miaka ile, ni miji michache ya Afrika iliyokuwa na sayansi nyingi namna hii ndani ya tumbo lake. Kulikuwa labo za kupima madini, tanki za asidi, stesheni za umeme ku Mwadingusha. Lakini ukiuliza nani alisoma kipimo ndani ya labo, na nani alibeba jiwe, unaona mstari umechorwa wazi. Mwafrika alifundishwa kusoma, kuhesabu, dini, na kazi ya mikono. Kampuni ilitaka mfanyakazi mzuri, mwenye afya na familia, anayebaki kambini. Ufundi ulitolewa kwa kipimo. Mtu angeweza kukaa miaka ishirini kando ya tanki ya asidi, akajua kwa pua kama imeharibika, bila mtu kumwambia juu ya nini.

Masomo ya sekondari yaliyofungua njia ya iniversite yalikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1954 Leta ya kikoloni ilianza kufungua masomo yake yasiyo ya misioni kwa watoto weusi, na mwaka ule ule Lovanium ikafungua milango Léopoldville. Iniversite ya Élisabethville ikafuata mwaka 1956. Ukihesabu miaka unaelewa hesabu ya tarehe 30 Juni 1960: siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza iniversite hawakujaza hata basi moja. Na kati yao, enjinia wa kuongoza kiwanda kama Shituru utamtafuta na taa.

Huo njo urithi wa kwanza. Sayansi ilikuwa mu mji, haikuwa mu masomo.

Namna Egzeta ilizaliwa

Kisha uhuru, kila kitu kilikimbia. Katanga ilijitenga Julai 1960, ikarudi Januari 1963. Katikati Jadotville iliona vita vya askari wa ONU kutoka Ireland, ile hadithi ya Septemba 1961 ambayo wengine wenu muliiona mu filamu. Walimu Wabelgiji wengi walikimbia. Masomo ya sekondari yalifunguliwa kila mahali kwa sababu wazazi wote walitaka mtoto "asome sana". UNESCO ikaleta walimu wa nchi nyingine. Wengi walikuwa Wahaiti, na bakubwa wetu wanawakumbuka bado.

Katika hali hiyo, diplome ilikuwa na maana gani? Kila masomo yalitoa karatasi yake. Prefe mmoja alikuwa mkali, mwingine alikuwa na moyo laini, na wa tatu alikuwa na wapwa wengi. Leta ilihitaji kipimo kimoja kwa nchi nzima. Njo vile, mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya utawala wa Mobutu, mtihani wa Leta ukasimama: swali moja kwa mtoto wa Kinshasa na mtoto wa Likasi, mtoto wa waziri na mtoto wa mchimbaji.

Tusidharau wazo hili. Ninajua leo tunaicheka Egzeta, lakini kwa mtoto wa kambi ya wafanyakazi ilikuwa mlango ambao hakuna mjomba aliyeweza kuufunga. Karatasi yako haina uso wala kabila. Ina kode. Inasahihishwa mbali, na mashine, na mashine haijui baba yako anafanya kazi gani. Wadaktari na maenjinia wengi wa Katanga walipita kwa mlango huo.

Namna ya mtihani munaijua. Kwanza kuna kazi za mbele ya sesio: disertasio ya Kifaransa, na kwa watoto wa teknike, juri ya pratike. Kisha siku nne za sesio yenyewe: kultire jenerale, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Kila swali lina majibu yaliyopangwa, unachagua moja, unaweka alama fasi yake. Ukifika asilimia 50, una diplome.

Hapo kuna kitu cha kuangalia vizuri. Mwanafunzi wa teknike anasimama mbele ya watu, anashika chombo, anaonyesha. Mwanafunzi wa sayansi, yeye, maksi zake za shimi na fizike zinatoka ku karatasi ya kuchagua. Anaweza kupata diplome ya sayansi bila mtu kumwona anapima kitu chochote. Mtihani haukukataza labo. Lakini haukuiuliza. Na kitu kisichoulizwa ku Egzeta, pole pole masomo yanakiacha.

Swali moja la umeme

Nichukue mfano ambao kila mtu wa seksio ya sayansi amekutana na ndugu yake. Mkondo wa ampere 10 unapita saa moja ndani ya maji ya sulfati ya shaba. Shaba ngapi inashika ku katodi?

Tunafanya haraka. Saa moja ni sekonde 3600. Mara 10, unapata kulombi 36000. Uzito wa moli ya shaba ni gramu 63,5, kila atomu inaomba elektroni mbili, na Faraday ni 96500. Unazidisha, unagawanya, unapata gramu 11,8. Unatafuta 11,8 kati ya majibu, unaweka alama, unaenda ku swali lingine. Dakika mbili.

Nilifanya hesabu hiyo labda mara hamsini nikijitayarisha. Na kila asubuhi nilikuwa ninapita mahali ambapo moshi wa Shituru unaonekana. Hakuna mtu aliyeniambia, na mimi mwenyewe sikujiuliza, kwamba swali lile na kiwanda kile ni kitu kimoja. Ku Shituru wanayeyusha shaba ndani ya asidi ya sulfuri, wanapitisha umeme, shaba inajenga ku katodi siku kwa siku. Ongeza mkondo wa swali letu mara elfu moja: tanki moja inatoa kilo 11,8 kwa saa. Hiyo njo mishahara ya baba zetu, hiyo njo nyumba za Panda, hiyo njo hospitali tulimozaliwa. Jibu la swali lilikuwa mbele ya dirisha la klase.

Mtoto akijua fomule tu, anapata pwe. Akijua fomule na tanki, anaweza kuuliza: juu ya nini katodi hii imetoka na vidonda? Juu ya nini umeme wote haukuzaa shaba yote? Swali la namna hiyo halina jibu la kuchagua. Lakini ni swali ambalo kampuni inamlipa mtu vizuri ili alijibu.

Siku nguzo ilipoanguka

Bakubwa wanatuambia: "Wakati wetu kulikuwa labo." Ni kweli kwa masomo mengi, na lazima tujue kwa nini. Kisha 1967, mali ya Union Minière ikawa mali ya Leta, na baadaye jina likawa Gécamines. Kampuni ilikuwa na masomo yake, ilinunua vitabu, ililipa walimu, ilipeleka mabasi. Hata masomo yasiyo yake yalifaidika: mzazi mwenye mshahara ananunua kaye, mji wenye pesa unapata mwalimu mzuri. Mwaka 1974 Leta ilinyang'anya makanisa masomo, na Februari 1977 ikasaini makubaliano ya kuyarudisha ku usimamizi wao. Lakini mu Katanga nguzo yenyewe, iliyobeba masomo ya kila namna, ilikuwa shaba.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufika 1994 kampuni ilitoa tani karibu 30000 tu. Soma tena namba hizo mbili. Kwa miaka minane, katika kila tani kumi na sita, ilibaki moja.

Na katikati ya mwanguko huo kulikuja jeraha ambalo mu Likasi tunalisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa ku nyumba na ku kazi. Maelfu walilala ku stesheni ya treni, wakingoja gari la moshi lisilokuja. Wengine walikufa pale pale. Walikuwa majirani zetu. Kati yao kulikuwa mafundi, wauguzi, na walimu wengi. Uchungu wa watu hao ni mkubwa kuliko habari ya masomo, na sitaki kuupunguza. Lakini mwenye kuandika historia ya sayansi ku masomo ya Likasi na akaruka mwaka ule, anadanganya. Mwalimu wa fizike haokotwi njiani. Ukimfukuza mmoja, klase ngapi zinabaki na tablo tupu?

Wakati ule ule Leta iliacha kulipa. Walimu waligoma nchi nzima, na kutoka hapo wazazi wakaanza kubeba mwalimu: prime kila mwezi. Tulioketi ku benchi tunajua maana ya neno hilo. Asubuhi jina lako linasomwa, unatoka na mfuko wako, unarudi nyumbani. Somo la siku ile limekupita. Kisha, mwaka 2003, wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10000 walitolewa katika operesheni ya kuacha kazi kwa hiari. Ni baba zetu hao. Pesa waliyopewa iliisha, na prime ilibaki.

Angalia sasa kilichobaki kimesimama: Egzeta. Labo ilikufa, vitabu vilipotea, mwalimu alikosa mshahara, lakini kila mwaka mtihani ulirudi na maswali yake. Mtihani ulijengwa kupima matunda ya masomo. Masomo yalipoanguka, ukabaki kupima vitu vingine: nani alilipa prime mwaka mzima bila kufukuzwa, nani alikuwa na taa ya kusomea usiku, nani alikuwa na yaya wa kumfafanulia. Na tuseme ukweli wote: wakati mwingine, nani alinunua majibu.

Namna ya kusoma asilimia

Kwa sababu hiyo ninaomba tusome namba kwa akili, hasa sisi tunaoweka ku ukurasa majina ya masomo "yaliyofanya 100%".

Chukua masomo mawili ya kufikiri tu. Ya kwanza yana wafinalisti 12, wote wanapita: asilimia 100. Ya pili yana 60, wanapita 40: asilimia 67. Watu watasifu ya kwanza. Lakini ya pili imetoa wadiplome 40, zaidi ya mara tatu. Kisha uliza swali la pili: wale 12 walikuwa wangapi katika mwaka wa kwanza wa seksio? Kama walikuwa 45, na kila mwaka wadhaifu walisukumwa ku opsio nyingine au walikosa pesa ya kujiandikisha, basi asilimia 100 ni habari ya mlango mwembamba, si habari ya mafundisho.

Swali la tatu: asilimia ile ni ya nini? Namba ya mesaji inachanganya kultire jenerale, lugha, sayansi na opsio. Mtoto mwenye 58 anaweza kuwa amebebwa na Kifaransa na historia, na shimi yake iko chini. Mwingine mwenye 52 anaweza kuwa mkali sana mu fizike, lakini Kifaransa kilimwangusha. Namba moja haikuambii.

Na swali la nne ni la kubahatisha. Kama swali lina majibu matano, mtu anayefumba macho na kuweka alama anapata wastani swali moja katika matano, yaani asilimia 20 bila kujua kitu. Njo maana tofauti ya pwe mbili tatu kati ya watu wawili haistahili kuvunja urafiki wala kumfanya mtu ajione mjinga maisha yote. Ninajua vijana mu mji huu walioacha kusoma kwa sababu ya 48. Hiyo si haki.

Wengine watasema…

Kuna mkubwa mmoja wa chama chetu, mtu ninayemheshimu, aliyeniambia: "Dogo, sisi tulipita bila labo na tukawa maenjinia. Mutoto mwenye akili atapita tu." Nilifikiri sana neno lake. Ni kweli, walipita. Ku iniversite walishika chombo kwa mara ya kwanza na miaka ishirini, wakajifunza kwa aibu na kwa nguvu. Lakini sisi tunawahesabu waliopita. Wale waliokuwa na mikono ya sayansi, wale ambao wangeamka siku wangeona maji ya buluu yanabadilika, na ku karatasi walilala, hao nani anawahesabu? Hawako ku ukurasa huu.

Wengine watasema lugha njo shida. Hapo nina sikio. Mtihani uko kwa Kifaransa, na mtoto wa Likasi anafikiri kwa Swahili. Swahili hii hii njo ilikuwa lugha ya kazi ku Union Minière. Mu Élisabethville, mwaka 1965, watu walioitwa "boy" waliandika kwa Swahili yetu historia nzima ya mji wao. Lugha iliyoendesha viwanda na kuandika historia haiwezi kushindwa kueleza elektroni. Mwalimu anayesema jambo kwanza kwa Swahili, kisha kwa Kifaransa, hajashusha klase. Anaisaidia kuelewa mbele ya kukariri.

Tena, mambo yanaanza kusogea. Sheria ya mafundisho ya Februari 2014 ilipanga upya ngazi za masomo, na kutoka mwaka wa 2018-2019 programu mpya za hesabu na sayansi ziliingia, kuanzia mwaka wa 7. Zinaomba mwalimu aanze na hali ya maisha, kitu mtoto anakijua, mbele ya fomule. Hiyo ni nzuri. Lakini mafundisho ya bure ya mwaka 2019 yalisimama ku primeri. Sekondari prime ingali inabisha mlango. Na programu yoyote, hata nzuri namna gani, itafundishwa sawa vile mtihani unavyouliza.

Jiwe, siki na msumari

Hatuwezi kubadilisha Egzeta kwa kuandika. Lakini tunaweza kufungua kabati.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimwita mdogo wangu na rafiki zake wanne. Tulichukua jiwe la malakiti, tukaliponda kuwa unga, tukatia ndani ya gilasi ya zamani na siki ya dukani. Mapovu madogo madogo yakatoka: gesi ya kaboni. Kesho yake maji yalikuwa buluu. Tukaingiza msumari tuliousugua vizuri. Kisha muda, msumari ukavaa shaba, nyekundu, ya kweli. Chuma kiliingia mu maji, shaba ikatoka. Mmoja wao, mtoto mwenye maksi ndogo, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe elektroni ni kweli."

Mkitaka kufanya, angalieni: maji ya buluu ni sumu, hayaonjwi wala hayamwagwi ovyo, gilasi hairudi jikoni, mikono inaoshwa. Na jiwe lisitoke Shinkolobwe hata kidogo, kwa sababu kule jiwe linaweza kuwa na uraniumu. Hata onyo hilo ni somo la fizike.

Gharama yetu ilikuwa chupa ya siki. Chama chetu kina watu mia na zaidi. Kila mmoja akichukua watoto watano mara moja kwa mwezi, kazi haijamaliza mtu.

Jambo la pili ninaomba: tukusanye palmare za zamani, kaye za shimi za bakubwa, picha za labo wakati ilikuwa hai, nyumba kwa nyumba, Kikula, Panda, Shituru. Tuandike ku kila mwaka wafinalisti walikuwa wangapi, walioanza walikuwa wangapi, na mu sayansi walipata nini. Bila hiyo tutaendelea kubishana na kumbukumbu, na kumbukumbu inapenda kujisifu.

Juu ya nini haraka? Kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na nyingi inatoka mu udongo huu, kati ya Kolwezi na Likasi. Kampuni mpya zinakuja, na kila moja ina labo. Ndani ya labo ile kutakuwa mtu anayesoma kipimo, na nje kutakuwa mtu anayebeba jiwe. Mwaka 1929 mstari ulichorwa na wengine, babu zetu hawakuulizwa. Leo mstari unachorwa ku masomo yetu wenyewe, mbele ya kabati lenye kufuli.

Mwaka huu tena poda itamwagika, na mimi nitaleta ya kwangu. Mdogo wangu akipita mweupe mbele ya mlango, nitamuuliza kama kila mtu: "Uko na ngapi?" Kisha nitamwomba anionyeshe msumari wake.